Stetoskopu yenye vihisishi inapima nini kwenye kifua cha mwanao?

Ukimpeleka kituo cha afya mtoto mwenye kikohozi, mhudumu huweka stetoskopu kifuani pake, huinamisha kichwa, husikiliza mbele na mgongoni, kisha huandika maneno mawili matatu kwenye kadi. Wewe uliyempakata hukusikia kitu. Alichokisikia yeye kimebaki masikioni mwake.

Sasa zipo stetoskopu ambazo ndani yake mna vihisishi, yaani vijidude vidogo vya umeme vinavyohisi sauti na mtikisiko. Hurekodi sauti ya pumzi, huonyesha mchoro wake kwenye skrini, na nyingine huhesabu zenyewe mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika. Huenda hujawahi kukiona kifaa hicho, kwani vituo vingi bado vinatumia stetoskopu ya kawaida. Hata hivyo inafaa ujue kinavyofanya kazi, kwa sababu kitu cha kwanza kinachopimwa nacho unaweza kukipima wewe mwenyewe nyumbani, kwa macho yako na saa ya simu.

Kwa nini pumzi zihesabiwe

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa, na humo ndimo damu inamochukua hewa safi. Nimonia, ambayo wengine huiita homa ya mapafu na wengine kichomi, ni pale vifuko hivyo vinaposhambuliwa na vijidudu na kujaa majimaji au usaha. Hewa inakosa pa kupita. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba kifua kimembana. Mwili wake unajitetea kwa kupumua haraka, na akizidi kulemewa unaanza kuvuta pumzi kwa nguvu mpaka kifua kinabonyea. Ndiyo maana kasi ya pumzi ni dalili kubwa kuliko kikohozi chenyewe. Kuna mtoto anayekohoa usiku kucha mpaka nyumba nzima haipati usingizi, na mapafu yake ni mazima. Kuna mwingine anayekohoa kidogo tu, kimya kimya, na hali yake ni mbaya.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano, karibu mmoja kati ya kila saba waliofariki katika umri huo. Nimonia inayoletwa na bakteria hutibika kwa dawa ya kawaida. Kinachoponza sana ni kuchelewa.

Hapa Unguja kuna jambo la kuongeza. Bibi zetu walilea watoto wakati ambapo homa ilikuwa na jina moja tu, malaria. Tangu miaka ya 2000 malaria imepungua sana Zanzibar kwa vyandarua, kupuliza dawa majumbani na dawa mseto, hata wanaokutwa na vimelea katika jamii ni chini ya mtu mmoja kati ya mia. Mazoea yetu, lakini, hayajapungua kwa kasi hiyo. Homa ya mtoto ikija pamoja na kikohozi na pumzi za haraka, kipimo cha malaria kifanywe, ila kikionyesha hana malaria usifunge safari ya kurudi nyumbani. Uliza: "Na pumzi zake je, zimehesabiwa?"

Kutoka bomba la karatasi hadi kihisishi

Stetoskopu ilizaliwa kwa sababu ya haya. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alipokea mgonjwa mwanamke kijana mwenye maradhi ya moyo. Desturi ya wakati huo ilikuwa daktari kuweka sikio lake kifuani mwa mgonjwa. Laennec aliona si adabu, akakunja karatasi ikawa bomba, upande mmoja kifuani, upande mmoja sikioni. Akashangaa: sauti ilisikika vizuri zaidi kuliko kwa sikio tupu. Baadaye alitengeneza bomba la mti. Sisi watu wa stara tunamwelewa.

Kwa miaka mia mbili kazi ya stetoskopu imebaki hiyo hiyo, kubeba sauti mpaka sikioni. Kihisishi kinaongeza hatua moja. Sauti ni mtikisiko. Hewa ikipita kwenye njia za pumzi, kifua hutikisika kidogo mno, kiasi ambacho kidole hakihisi. Kihisishi hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na umeme ukageuzwa kuwa tarakimu ambazo simu au kompyuta inaweza kuzihifadhi. Vifaa vingine huongeza kihisishi cha mwendo, kinachohisi kifua au tumbo likipanda na kushuka. Programu ndiyo inayochambua: huyu ni moyo, hizi ni pumzi, hiki ni kilio cha jirani.

Ikisikiliza pumzi, inatafuta mambo manne hivi. La kwanza ni hesabu, pumzi ngapi kwa dakika. La pili ni mpangilio, kwamba pumzi zinafuatana sawasawa au zinakatika. Mtoto mchanga kwa kawaida hupumua haraka kwa muda mfupi, akatulia kidogo, akaendelea, na hilo si ugonjwa. Lakini kusimama kupumua kwa sekunde 20 ni hatari. La tatu ni mluzi, sauti nyembamba kama filimbi, hasa mtoto anapotoa pumzi, dalili kwamba njia za hewa zimebana, kama ilivyo katika pumu. La nne ni mchakacho, yaani vishindo vidogo vidogo vinavyofuatana. Laennec mwenyewe aliufananisha na chumvi iliyotiwa kwenye kikaango cha moto. Ukitaka kuusikia, shika nywele zako kidogo karibu na sikio uzisugue kwa vidole. Mchakacho wa namna hiyo huweza kusikika vifuko vya hewa vinapokuwa na majimaji.

Faida kubwa ya kurekodi, kwa maoni yetu, si mashine kuwa na akili kuliko daktari. Ni kwamba sauti haipotei tena. Wahudumu wawili wakisikiliza kifua kimoja wanaweza kutoa majibu tofauti, na bila rekodi hakuna wa kuamua. Katika utafiti mkubwa ulioitwa PERCH, uliochunguza nimonia ya watoto katika nchi saba za Afrika na Asia, Kilifi ya Kenya ikiwemo, stetoskopu za kidijitali zilitumika katika baadhi ya vituo kurekodi mapafu ya watoto waliolazwa. Rekodi hizo zilisikilizwa na jopo la watu waliofundishwa, na waliposhindwa kukubaliana mwingine aliitwa kuamua. Hebu fikiria hilo kwa kisiwa chetu: sauti iliyochukuliwa Makunduchi inaweza kusikilizwa na daktari wa watoto aliyeko Mnazi Mmoja, na ya leo ikalinganishwa na ya juzi.

Koti la Uganda

Jirani zetu wa Uganda walilichukua wazo hili mbali zaidi. Olivia Koburongo alimwona bibi yake akiugua na kuhamishwa hospitali moja hadi nyingine kabla haijatambuliwa kwamba ana nimonia, na ilipotambuliwa, wakati ulikuwa umeshapita. Yeye na Brian Turyabagye, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Makerere, wakaunda na wenzao koti dogo la kumvisha mtoto. Wakaliita Mama-Ope, kwa maana ya tumaini la mama. Ndani ya koti mna vihisishi vinavyofanya kazi ya stetoskopu pande zote za kifua, vikichukua sauti za mapafu, joto la mwili na kasi ya kupumua, kisha taarifa hutumwa kwenye simu bila waya. Mwaka 2017 Mama-Ope iliingia katika orodha ya walioteuliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Vipo na vifaa vyepesi zaidi. Kampuni ya Philips ilitengeneza kidude kinachofungwa kwa mkanda tumboni mwa mtoto ili kihesabu pumzi kwa kuhisi mwendo tu, bila kusikiliza sauti, na UNICEF ikakifanyia majaribio huko Ethiopia na Nepal. Lengo la vyote ni moja. Kuhesabu pumzi kwa macho ni kazi rahisi kuielewa lakini ngumu kuifanya vizuri, hasa mhudumu anapokuwa na foleni ya kina mama thelathini nje.

Mahali kifaa kinapokosea

Mtoto akilia, kifaa kinachanganyikiwa, kama mtu anavyochanganyikiwa. Akijinyonganyonga, vivyo hivyo. Pangaboi juu, bodaboda nje, adhana ya msikiti wa jirani, vyote vinaingia kwenye rekodi. Kanga au fulana ikisugua kihisishi hutoa sauti inayofanana na mchakacho. Kwa hiyo mhudumu akikwambia umvue mtoto nguo ya juu na umtulize kwanza, anataka majibu ya kweli. Mtoto wa kunyonya mpe ziwa kidogo, atulie, kisha mtoe ndipo apimwe.

Kuna mipaka mingine ambayo teknolojia haijaivuka. Sauti haitaji jina la kijidudu, kama ni virusi au bakteria. Mtoto anaweza kuwa na nimonia na kifua kikasikika safi. Programu imefundishwa kwa rekodi za watoto fulani, na mwanao huenda asifanane nao. Na stetoskopu hii haikwambii damu ya mtoto ina oksijeni kiasi gani.

Hiyo ni kazi ya kifaa kingine, oksimita, kile kibanio chenye taa nyekundu kinachobanwa kidoleni au kwenye mguu wa mtoto mchanga. Ikisoma chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni haraka. Tunaitaja kwa sababu ya jambo la hapa kwetu: piko nyeusi na rangi ya kucha huweza kuzuia mwanga wake. Ikiwa mtoto amepakwa kwa ajili ya harusi au sikukuu, mwonyeshe mhudumu, atumie sehemu isiyopakwa. Imeonekana pia kwamba oksimita huweza kusoma juu kidogo ya ukweli kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namba nzuri isimfanye mtu apuuze kifua kinachobonyea.

Hesabu mwenyewe

Chagua wakati mtoto ametulia au amelala, hanyonyi wala halii. Pandisha nguo mpaka uone kifua na tumbo kwenye mwanga wa kutosha. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Weka saa ya simu dakika nzima, sekunde 60. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto hazilingani. Inasaidia mtu mwingine atazame saa, wewe macho yasitoke kifuani. Zipo pia programu za simu ambazo unagusa skrini kila pumzi nazo zinakupa jibu. Hizo hazina ubaya, ila programu inayodai kutambua ugonjwa kwa sauti ya kikohozi usiifanye daktari.

Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Rudia kuhesabu mara ya pili, kwa ile sababu ya mpangilio wao usiolingana, na ikiwa bado ni 60 au zaidi, nenda hospitali. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla hajatimiza mwaka, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla hajatimiza mitano, ni 40. Ukifika au kupita hapo na mtoto anakohoa, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Homa nayo huongeza pumzi, ni kweli, lakini usikae kusubiri ishuke.

Baada ya kuhesabu, tazama chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Kwa kawaida mtoto akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Ikiwa anapovuta pumzi sehemu ile inaingia ndani, kila pumzi, naye ametulia, basi anafanya kazi kubwa kupata hewa. Hilo halisubiri kesho.

Usisubiri hata dakika ya kuhesabu ikiwa mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki sawasawa, anaguna kila anapotoa pumzi, anakoroma akivuta pumzi ilhali ametulia, au ulimi na fizi zimekuwa na rangi ya buluu. Tazama ulimi na fizi hasa, kwa sababu kwenye ngozi yetu midomo pekee inaweza kukudanganya. Na kichanga wa chini ya miezi miwili anayekataa ziwa, mwenye homa au mwenye mwili wa baridi, huyo ni wa hospitali moja kwa moja.

Hapa ndipo hesabu ya mapema inapookoa. Ukiwa Shangani au Malindi, Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi hata usiku. Ukiwa Nungwi au Kizimkazi, daladala za mwisho zimeshaondoka. Ukiwa Tumbatu, kuna bahari kati yako na Mkokotoni. Mama wa Tumbatu anayehesabu pumzi 54 za mtoto wa miezi minane saa tisa alasiri ana muda wa kupata mashua. Akingoja mpaka kifua kibonyee saa sita za usiku, hana.

Unaweza pia kumwita mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia yako. Chini ya mpango wa Jamii ni Afya wahudumu hawa hutembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na simu zenye programu ya kuwaongoza. Mwambie akuonyeshe kuhesabu mtoto akiwa mzima, ili uijue pumzi yake ya kawaida kabla hajaugua.

Wapo watakaokushauri kikohozi kisichopona ni kimeo, kikatwe. Tunalisema bila kuwavunjia heshima wazee: kukata kimeo hakutibu mapafu, kunaweza kuleta damu nyingi na vidonda vyenye vijidudu, na kunapoteza siku ambazo mtoto hana. Na moshi, uwe wa makumbi ya nazi jikoni au wa ubani na udi unaofukizwa chumba cha mzazi, unaumiza mapafu ya kichanga. Nguo zifukizwe nje, mtoto akiwa mbali.

Chanjo ya nimokoko, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2013, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tazama kadi ya mwanao. Kama imepitwa, bado unaweza kuuliza kliniki.

Ukifika kituoni

Sema namba yako kwanza: "Nimemhesabu akiwa amelala, pumzi 54, tangu jana jioni hanyonyi vizuri." Maneno hayo humsaidia mhudumu kuliko "mtoto ana kifua". Ukiona amehesabu, akampa dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, akahesabu tena, usidhani amesahau. Kwa mtoto mwenye mluzi ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu huenda kasi ile ilitokana na kubana tu, na akifunguka haihitajiki dawa ya kuua bakteria.

Akiandikiwa amoksilini, mara nyingi ni vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji au maziwa ya mama, mpe dozi yote hata akianza kucheza siku ya pili. Usimpe iliyobaki ya kaka yake wala usimgawie mtoto wa jirani. Endelea kumnyonyesha mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, kwa kuwa mtoto anayepumua haraka huchoka upesi kwenye ziwa. Aliyetimiza mwaka anaweza kupewa asali kidogo kutuliza koo. Wa chini ya mwaka asipewe kabisa.

Kabla hujatoka, uliza siku ya kurudi. Kwa kawaida ni baada ya siku tatu, na siku hiyo pumzi zitahesabiwa upya hata kama kikohozi bado kipo. Katika siku hizo hesabu asubuhi na jioni, uandike kwenye karatasi au simu, uende nayo. Kama namba inapanda badala ya kushuka, au ameanza kukataa ziwa, au kifua kimeanza kubonyea, usingoje siku ya tatu. Rudi usiku huo huo.